Sura ya Nne Niliyoiondoa

Moraa, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, alinipigia simu Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, nikiwa katika chumba cha walimu nasahihisha insha. "Mathe, umekaa?" aliuliza. Nikamwambia nimekaa. "Mwalimu Makori ametuacha. Jana jioni." Nilimaliza insha iliyokuwa mbele yangu, nikatia alama, na baadaye nikagundua kwamba alama hizo nilikuwa nimemwandikia mwanafunzi mwingine. Mazishi yalikuwa Alhamisi, tarehe 14, upande wa Nyamira. Nilikwenda, nikaketi na wakamwana wenzangu nyuma ya jiko, mahali ambapo jeneza halionekani. Aliyeongoza ibada alitangaza kwa kipaza sauti kwamba wanafunzi wote wa marehemu wapite mbele watoe heshima za mwisho. Wakasimama watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mimi sikusimama. Kando yangu palikuwa na msichana aliyekuja na mama yake kutoka Nairobi, akimenya ndizi polepole kwa kisu asichokizoea. "Shosh, si wanasema alikufundisha huko Kisii?" aliniuliza, akiniita bibi. "Alinifundisha." "Sasa mbona husimami?" Kwa mujibu wa chuo mtu yule alikuwa mwalimu wangu. Kwa mujibu wa ukoo alikuwa baba mkwe wangu, ingawa nilimzidi umri kwa miaka minane. Mambo hayo mawili yalikutana katika mwaka mmoja, mwaka 2014, nami sijafaulu kuyatenganisha hata leo.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nilivyoolewa. Itoshe kujulikana kwamba nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2009, nikiwa na miaka thelathini na sita na mjane wa miaka mitatu, na kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa mwanafunzi wa shahada mjini Kisii, pekee darasani aliyejifunga leso juu ya sketi. Wenzangu waliniita Mathe, yaani mama. Sikuwakataza, lakini nilihakikisha kwamba Mathe anaingia darasani kabla yao na anatoka baada yao. Jumatatu, tarehe 13 Januari, orodha ya mada za utafiti ilibandikwa ukutani, nami siku hiyo nilichelewa kwa sababu ya mvua. Nilipofika, riwaya zote zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, lugha ya matangazo imechukuliwa, hata lugha ya mahubiri imechukuliwa. Ilibaki mada moja, bila jina mbele yake: msamiati na mtindo wa uandishi katika kamusi za mwanzo za Kiingereza. Kijana mmoja akasema, "Wamemwachia Mathe mifupa." Nikatoa kalamu, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikamjibu kwamba mwenye meno ndiye anayeachiwa mifupa. Wakacheka. Nilikwenda zangu nikijiuliza kamusi inawezaje kuwa na mtindo.

Tulikaa Nyanchwa, mimi na Moraa, katika chumba kimoja chini ya kanisa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akisomea ualimu kama mimi. Tuligawanya chumba kwa pazia: upande wake kioo na viatu, upande wangu meza na taa. Kila Ijumaa mchana tulipika vya kutosha mpaka Jumamosi jioni, kwa kuwa mwenye nyumba hakuruhusu moto uwashwe siku ya Sabato. Hivyo ninapozikumbuka kurasa zile za kale, ninakumbuka pia ugali wa wimbi uliopoa na chinsaga zilizolala, mboga chungu ambazo Moraa alizila kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Kwaya ilifanya mazoezi juu yetu, ikirudia ubeti mmoja hadi sauti ya tatu ikae sawa, nami chini nikirudia ukurasa mmoja hadi nielewe. Nilisoma nakala zilizochapishwa kutoka mtandaoni katika duka la kompyuta mjini, kurasa zenye madoa, ambamo herufi moja ilifanana mno na nyingine hata nikapoteza wiki mbili kuandika maneno yasiyokuwepo. Nilipotoka katika msitu huo nikaingia mwingine. Nilitafuta maji, sikuyapata. Nilitafuta mkate, mama, moto. Katika kamusi zile za kwanza kabisa sikupata hata kimoja. Yalikuwamo maneno magumu tu, yaliyotoka Kilatini na Kigiriki na Kifaransa, maneno ya sheria na ya dini na ya uganga, kila moja likielezwa kwa mawili matatu mepesi, basi, kama mtu anayeonyesha njia kwa kidevu.

"Kwa hivyo ni kamusi ya maneno ngumu peke yake?" Moraa aliuliza kutoka upande wake wa pazia.

"Peke yake."

"Na zile rahisi?"

"Hizo watu walizijua."

"Mathe, hao watu walikuwa wavivu."

Nilidhani hivyo pia, kisha sikudhani, kisha nikadhani tena. Watunzi waliokuja baadaye waliyaingiza maneno ya kila siku, lakini walipofika kwa mnyama wa nyumbani wakatosheka kusema kwamba ni mnyama ambaye kila mtu anamjua. Wengine walinakiliana bila haya. Kosa la mmoja nililikuta kwa wa pili na wa tatu, kama pua ya babu inayoonekana kwa mjukuu. Mmoja alitumia ukurasa mzima kumfundisha msomaji kwamba herufi zina mpangilio, na neno la herufi ya kwanza litafutwe mwanzoni mwa kitabu. Moraa alicheka sana aliposikia. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijifunza mpangilio huo nikiwa na miaka thelathini na mbili, na hapakuwa na mtu aliyenipa ukurasa mzima. Lakini kilichonikalia rohoni ni tangazo la mbele la mojawapo ya zile za kwanza, kwamba imetungwa kwa manufaa ya wanawake na watu wengine wasio na elimu. Nilikaa na tangazo hilo siku kadhaa bila kujua kama nimekirimiwa au nimetukanwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi, nilikwenda kumwona msimamizi wangu kwa mara ya kwanza. Ofisi ya Mwalimu Makori ilikuwa chumba chembamba kilichowahi kuwa stoo, na kiti cha mgeni kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa waya. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, amevaa jinzi, anasoma fomu yangu huku anakunywa chai kutoka kifuniko cha chupa. "Nyumbani ni wapi, Mama?" Nikamtajia mlima wetu, kule Nyamira. "Pale kwa nani?" Nikamtajia mji wa baba mkwe. Aliweka kifuniko mezani. "Mzee huyo," akasema polepole, "baba yake na baba yangu walitoka tumbo moja. Mimi ni wa mke mdogo, yule wa mwisho." Hesabu hiyo haikunichukua muda. Ndugu wa baba mkwe wangu ni baba mkwe wangu, hata kama alizaliwa nikiwa tayari ninabeba maji. Nilisimama. Naye akasimama. Tukabaki hivyo, meza katikati, kama watu waliosikia wimbo wa taifa. "Samahani, tata," nikasema. Mimi, mwenye mvi mbili zilizohesabika, nikimwita baba kijana mwenye jinzi. Alikohoa, akafungua dirisha, akazunguka kwa mbali akafungua na mlango.

Nisipoeleza jambo hili, mgeni hatanielewa. Kwetu kuna heshima yenye haya ndani yake, tunaiita ensoni, nayo hukaa kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Wawili hao hawashikani mikono. Hawaketi pamoja mlango ukiwa umefungwa. Na zaidi ya yote hawasikilizani maneno ya mwili. Neno la namna hiyo likitamkwa na mmoja mbele ya mwenzake, mji mzima umechafuka mpaka mbuzi achinjwe na wazee waseme yao. Nilikwenda kwa mkuu wa idara siku hiyohiyo kuomba msimamizi mwingine. Alikuwa mtu wa haraka. "Mama, hii ni idara ya Kiingereza, si baraza la wazee. Kamusi za kale anazijua Makori peke yake. Mtumie huyohuyo."

Basi Moraa akawa mdomo wangu. Kila Alhamisi saa kumi alasiri Mwalimu Makori alisimama ndani ya ofisi karibu na dirisha. Mimi niliketi kwenye benchi la nje, mgongo wangu ukiwa kwake. Moraa alisimama katikati akiegemea ukuta, na karatasi zangu zikapita mikononi mwake. Wanafunzi waliopita walisema tunaendesha utafiti kwa rimoti. Tatizo ni kwamba Moraa hakuwa mkalimani mwaminifu, na sisi wawili tulisikilizana vizuri kabisa.

"Anasema ukurasa wa kumi na mbili unaboa," Moraa alitangaza siku moja.

"Hakusema hivyo."

"Alisema hauna uhai. Si ni kitu moja?"

"Mwambie," sauti ikatoka nyuma yangu, "si kitu kimoja."

"Mwalimu, ongea na mtu moja, mimi nachanganyikiwa."

Nilificha kicheko ndani ya leso. Naamini na yeye alicheka, kwa kuwa jibu lilichelewa kutoka dirishani. Na ilikuwa kwa njia hiyo, kupitia mdomo wa msichana aliyekuwa akitafuna karanga, nilipopewa swali lililonifundisha kusoma. Ilikuwa mwishoni mwa Juni. "Mwambie," Mwalimu Makori alisema, "asiniorodheshee tu waliandika nini. Anayeeleza neno huwa anamwona mtu mbele yake. Atafute huyo mtu ni nani, na mwandishi anamwogopa wapi." Moraa akageuka kwangu. "Umeskia." Nilisikia. Sikuelewa, lakini nilisikia, na nikaliandika juu ya kila karatasi.

Alhamisi, tarehe 17 Julai, nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nilikuwa nikimfuata mwandishi mmoja aliyeeleza kila kitu kwa Kiingereza chepesi, kwa upole, neno baada ya neno. Ghafla, alipofika kwenye neno fulani la mwili wa mwanadamu, Kiingereza kikakatika. Maelezo yote yalikuwa kwa Kilatini. Neno lililofuata likarudi katika Kiingereza, kama mtu aliyepita mbele ya wakwe akainama, kisha akanyooka akaendelea na safari. Nilipekua nikakuta pengine tena, na pengine. Moyo ulinienda mbio. Huyu mtu ana ensoni, nikawaza. Mwingereza aliyekufa zamani ana haya kama zetu! Nilimweleza Moraa wakati wa chakula, karibu niangushe sahani kwa furaha.

"Haya gani?" alisema. "Si uliniambia hizi vitabu ziliandikiwa wanawake?"

"Baadhi."

"Hao wanawake walijua Kilatini?"

"Hawakujua. Ndiyo maana walihitaji kamusi."

"Basi amewakaribisha nyumbani halafu akafunga chumba kimoja na kufuli. Hiyo si heshima, Mathe. Hiyo ni kufichwa."

"Hawakufichwa. Walistiriwa."

"Na yule anastiriwa, nani alimuuliza?"

Nilimwambia ale chinsaga zake. Alikula, huku ananitazama. Usiku ule sikufungua karatasi. Nilikuwa nimeishi ndani ya stara hiyo miaka ishirini na zaidi, nikaiona kuwa nguo yangu nzuri kuliko zote, na sasa mtoto asiyejua hata kukoroga ugali wa wimbi alikuwa ameivuta uzi mmoja. Sikuweza kusema kwamba amekosea. Sikuweza pia kusema kwamba amepatia, kwa kuwa ninajua jinsi nilivyopumzika ndani ya nguo hiyo siku ambazo sikuwa na mahali pengine pa kupumzika.

Niliiandika sura ya nne kwa siku tisa. Ilikuwa na kurasa ishirini na mbili, na sijaandika kitu bora kuliko hicho tangu wakati huo. Niliyataja maneno yenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kilatini, kwa kuwa haiwezekani kuonyesha kilichofunikwa bila kuinua kifuniko. Kisha nikaiweka juu ya zile tatu, nikamkabidhi Moraa, na alipokuwa mlangoni ndipo fahamu ziliponijia. Kurasa hizo zilikuwa zikienda kwa baba mkwe wangu. Angezisoma. Kila neno nililoliandika angelisikia kwa sauti yangu. "Rudi," nikamwambia. Niliiondoa sura yote, nikaiweka chini ya godoro.

"Sasa hii utafiti itakuwa na miguu mitatu," Moraa alisema.

"Kiti cha miguu mitatu hakiyumbi."

Nilijivunia jibu hilo siku nzima, na kwa kujivunia nikasahau kwamba ukurasa wa tatu wa utangulizi bado uliahidi sura nne. Hapa pia pana jambo linalonishinda. Mwalimu Makori aliisoma kazi hiyo mara mbili. Aliona koma iliyokosekana ukurasa wa thelathini, akamtuma Moraa aje kuniambia. Mtu aonaye koma anawezaje asione sura nzima? Alitia sahihi, kazi ikaenda.

Jumanne, tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, niliitwa kuitetea. Ukumbi ulikuwa na meza zilizounganishwa, sahani ya sambusa iliyofunikwa kwa karatasi, na wakaguzi wanne: mkuu wa idara, mwalimu mmoja mzee aliyesinzia tangu mwanzo, Mwalimu Makori mwishoni kabisa karibu na dirisha, kiti chake kimegeuzwa upande ili asinitazame, na mtahini wa nje, mama mnene wa sauti ya upole aliyetoka chuo cha mbali na asiyejua kwetu kuna nini. Wanafunzi waliruhusiwa kuketi nyuma. Moraa alikuwa kati yao. Shule moja ya upande wa Kenyenya ilikuwa imeniahidi darasa kuanzia Januari endapo ningepita. Nyumbani Nyamira walikuwa wamekwisha kuambiwa. Mambo yalikwenda vyema kwa nusu saa, kisha mtahini akavua miwani.

"Mama, ukurasa wa tatu unaniahidi sura nne. Nimehesabu mara mbili. Naona tatu."

Nyuma wakacheka kidogo.

"Ya nne ilihusu nini?"

"Namna waandishi walivyoyafunika baadhi ya maneno."

"Maneno gani? Tupe mifano."

"Siwezi."

"Huwezi, au hukuiandika?"

"Niliiandika."

"Iko wapi?"

"Chini ya godoro langu."

Sasa walicheka wote, hata mzee aliyesinzia aliamka. Mkuu wa idara hakucheka. "Mama, hapa hatuchezi." Mtahini aliinua mkono kumtuliza. Alisema, kwa upole ulioniumiza zaidi ya ukali, kwamba kazi isiyotimiza ahadi yake hawezi kuipitisha. Kwamba ananipa nafasi ya kuieleza sura hiyo kwa mdomo, hapohapo, na mifano yake. Au kama sivyo tukutane mwakani. Nilisikia Moraa akinong'ona nyuma, "Mathe, sema tu." Nikafikiri juu ya darasa la Kenyenya. Nikafikiri juu ya mlima wetu, na mbuzi, na wazee, na jinsi watakavyosema kwamba shule ya uzeeni huwavua wanawake nguo. Nilimtazama mtahini wala si kwingine. Nilisimama, nikafungua mdomo. Kiti kilikwaruza sakafu upande wa dirishani. Mlango ulifunguka, ukafungwa. "Huyu naye anaenda wapi?" mkuu wa idara aliuliza, na hakuna aliyemjibu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nikizungumza.

Nilizungumza dakika ishirini na tano. Niliyasema maneno yale yote, moja baada ya moja, kwa sauti ya darasani, na paa halikuanguka. Nilieleza jinsi mwandishi anavyobadili lugha pale anapomwona mtu begani mwake. Jinsi walivyomwandikia mwanamke kitabu kisha wakamfungia mlango mmoja ndani yake. Jinsi lugha ya wenye elimu inavyoweza kuwa stara na kufuli kwa wakati mmoja. Mtahini aliandika bila kuinua kichwa. Mwishowe akauliza, "Na wewe, Mama, unasema walistahi au walificha?"

"Sijui," nikasema. "Nimekaa na swali hilo tangu Julai."

"Basi andika hivyo katika hitimisho." Akanipa wiki mbili kuirudisha sura mahali pake. Nilikuwa nimepita.

Nje Moraa alinirukia shingoni. "Umewamaliza, Mathe! Umewamaliza!" Nilikuwa natazama huku na huku kwenye korido ndefu. Mwalimu Makori hakuwepo. Ijumaa Moraa alileta habari kwamba amepewa barua ya onyo kwa kuondoka katikati ya mtihani bila idhini, na kwamba alipotakiwa kujieleza alisema tu kuwa alikuwa na sababu ya nyumbani. "Si angewaambia ukweli?" Moraa alisema. Nikamuuliza, ukweli upi? Alinitazama kana kwamba ninafanya mzaha. Lakini nilikuwa nauliza. Je, baba alitoka ili kumpa binti nafasi ya kusema? Au mwanamume aliona haya, akakimbia yale asiyoweza kuyasikia? Mlango ni mmoja, na anayetoka kwa ajili yako na anayetoka kwa ajili yake mwenyewe hupita hapohapo.

Jumapili, tarehe 16, niliitwa nyumbani. Nilipitia Keumbu nikanunua sukari na mkate, ingawa nilijua kwamba mkate hauwezi kunisemea. Mama mkwe alikuwa jikoni peke yake, kwenye kigoda, akisonga ugali wa wimbi kwa mikono miwili kama alivyousonga siku niliyoolewa. Hakunipokea mzigo wala hakuniambia niketi. Alisonga mpaka ukaiva, akautoa, akaufunika kwa kawa, ndipo akasema bila kunitazama.

"Nasikia mlima mzima unacheka."

"Nimesikia, mong'ina."

"Nasikia ulisema mambo."

"Nilisema. Ndiyo mtihani ulivyotaka."

"Sikuulizi mtihani. Mtihani ni wa wale." Alifuta mikono kwenye leso yake. "Nasikia na tata wenu alikuwa mle ndani."

"Alikuwemo. Akatoka."

Sasa alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, nayo hayakuwa na hasira. "Mkamwana wangu, nijibu neno moja tu, halafu nitajua la kuwajibu wazee. Alitoka kabla hujafungua mdomo, au baada?"

Mimi ninayejua siku, saa na dakika za mambo yangu yote, sikuwa na jibu. Nilirudi katika ukumbi ule, nikasimama tena, nikamtazama mtahini. Kilitangulia kiti au lilitangulia neno? Ikiwa ni kiti, basi mtu yule alinitendea kama baba, akalipa kwa barua ya onyo, na nyumba yetu ni safi. Ikiwa ni neno, basi nilimtoa kwa ulimi wangu mbele ya watu, mbuzi lazima achinjwe, na tangu siku hiyo asingekanyaga ua wetu wala mimi wake. Nilisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Vyote viwili vilikuja pamoja. Nimevisikiliza miaka kumi na mmoja tangu hapo, hasa nilipokutana naye kwa mbali sokoni, akainamisha kichwa nami nikapisha njia. Angeweza kuniambia kwa neno moja, lakini kuliuliza swali hilo kungekuwa ndiko kulisema neno lenyewe lililokatazwa, na mkamwana hamuulizi baba mkwe. Sasa amezikwa nalo.

"Kabla," nilisema.

Moto ulipasuka, mama mkwe akasukuma kuni kwa mguu. Kisha akafunua kawa, akakata ugali, akaniwekea upande wangu kipande kikubwa kuliko chake.

"Nitawaambia ni kabla," alisema. "Nawa mikono." Hakusema kwamba ananiamini.

Nilinawa, nikala.